Soksi Tatu kwa Miguu ya Yasini

Mwanzoni mwa mwaka 1992 nilimtumia rafiki yangu Yasini jozi tatu za soksi nene za sufu, nilizozifuma mwenyewe, pamoja na kikaratasi kilichosema: "Vaa zote tatu kwa pamoja, usivue hata ukilala." Yeye alikuwa Uswisi, anajifunza kazi ya misitu kwenye milima yenye theluji. Mimi nilikuwa Biryogo, hapa Kigali, na baridi kali kuliko zote niliyowahi kukutana nayo ni ile ya kuoga maji ya pipa alfajiri mwezi wa saba. Pamoja na hayo niliandika ushauri wangu kwa mwandiko mzuri, nikaupigia mstari chini mara mbili. Karibu nimkate vidole. Watu hujuta kwa kuwanyima rafiki zao msaada, mimi najuta kwa kusaidia, na kwa kusaidia mara tatu kwa mguu mmoja.

Yasini alikuja mwezi uliopita, mzee wa mvi na miwani, kutembea wiki mbili, mara yake ya kwanza tangu aondoke. Alivua viatu mlangoni, akakanyaga mkeka, na mimi badala ya kumtazama usoni nikatazama mguu wake wa kushoto. Vidole viwili vya mwisho havina kucha. Vipo, vinacheza, ila ngozi yake ni laini na inang'aa kama ya mtu aliyewahi kuungua. Akanikamata nikitazama. "Unakagua kazi yako, Bi Harusi?" Hilo ndilo jina langu la mtaani, ingawa mimi ni mwanamume, na yeye ndiye aliyenipa tukiwa sekondari, kwa sababu bibi harusi hukaa ndani siku saba na mimi nilikuwa naweza kukaa ndani mwaka mzima bila mtu kunishika mguu. Sijabadilika. Nimefika Butare mara mbili maishani, na mara zote mbili niliumwa tumbo nikiwa bado ndani ya basi. Tulikaa siku nzima tukinywa chai, na alipoondoka jioni nikaona afadhali niandike habari ya mwaka ule kabla mmoja wetu hajaanza kuisimulia vibaya. Najua msomaji akiona Kigali na akiona miaka ile, anajiandaa kusoma jambo lingine. Hilo wameliandika wenye nguvu za kuliandika. Mimi hapa nina habari ya miguu.

Chumba nilichokuwa nikijifungia kilikuwa cha Shangazi Mwajuma, chumba cha mbele cha nyumba ya matofali ya udongo, mlango wake ukitazama uchochoro. Ndani kulikuwa na mashine ya kufuma sweta za shule, ndefu kama jeneza la mtoto, na mimi ndiye niliyeiendesha baada ya kumaliza masomo. Sufu ilikuwa ya bluu na ya damu ya mzee, na manyoya yake yaliingia kila mahali: kwenye nyusi, kwenye chapati, kwenye chai ya maziwa na tangawizi ambayo Shangazi aliipika tangu asubuhi na kuiacha ijikokotee kwenye jiko la makaa hadi adhuhuri. Mchana tulikula maharage na ndizi za kupika, siku ya Ijumaa pilau. Sahani zilikuwa nne tu, kwa hiyo mtu wa tano alikula kwenye kifuniko cha sufuria, na mtu wa tano siku zote alikuwa mimi, kwa kuwa nilikuwa mwenyeji na nisingeondoka kwa hasira. Kupitia ukuta tulisikia redio ya jirani, na baada ya redio tulisikia majirani wenyewe wakirudia walichosikia, kwa sauti ya chini zaidi. Vita vilikuwa kaskazini. Kwenye barabara ya kwenda mjini askari walikuwa wanataka kitambulisho. Kwangu mimi hiyo ilikuwa sababu nzuri ya kubaki kwenye mashine, na nakiri kwamba hata bila vita ningepata nyingine.

Fomu za kuomba nafasi ile ya masomo tulichukua mbili, moja yake na moja yangu. Yasini alijaza yake siku ileile akaipeleka. Yangu niliiweka chini ya sufuria ya maharage ili meza ya Shangazi isiungue, na alipokuja kuiona ilikuwa na duara jeusi kama muhuri wa pasipoti kuanzia jina mpaka tarehe ya kuzaliwa. "Umeshakwenda?" akaniuliza Shangazi, akicheka. "Nimeshakwenda na nimesharudi," nikamjibu. Nilicheka sana siku hiyo. Sikucheka siku Yasini alipoondoka, mwezi wa tisa. Tulikuwa tumekaa dawati moja miaka sita, tumevaa viatu vya jozi moja kwa zamu, maana miguu yetu ni sawa kabisa, na kila jioni alikuwa akisimama kwenye mlango wa kile chumba na kusema, "Bi Harusi, toka nje uone watu." Mimi sikutoka. Lakini nilikuwa nangoja kuitwa. Alipoondoka hakukuwa na wa kuniita, na ndipo nilipojua kwamba kukaa ndani kunataka mtu wa nje.

Barua zake zilichukua siku kumi. Ikifika, ilisomwa mbele ya baraza zima, na msomaji nilikuwa mimi. Baraza lenyewe ni watu watatu. Shangazi, anayevunja mandazi vipande ili aweze kusikiliza bila kutafuna kwa kelele. Maalimu Shabani, aliyetusomesha madrasa asubuhi na kushona viatu mchana, mtu mwembamba wa Biryogo ambaye babu yake alikuja kutoka pwani na shehena ya vitambaa akasahau kurudi. Na Mama Kayitesi, jirani wa ukuta kwa ukuta, Mkatoliki, muuza maziwa, mwenye friji refu la kulala, lenye mfuniko juu na barafu ndani, ambalo lilikuwa fahari ya uchochoro mzima. Mama Kayitesi alikuwa hasemi neno ambalo unaweza kulichukua kwa namna mbili. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na nimekiandika hapa kama alivyokisema, kwa sababu sauti yake ndiyo kitu pekee cha kwake nilichobaki nacho.

Barua ya mwezi wa kumi na mbili ilileta habari ya mbao. Yasini aliandika kwamba theluji imefika kiunoni, kwamba miti haina likizo, na kwamba wanafunzi wa misitu huenda kuipima wakiwa wamesimama juu ya mbao mbili nyembamba zilizopinda mbele, wanateleza nazo mlimani, kupanda na kushuka, kutwa nzima. Viatu vyake ni vya ngozi ngumu na hufungwa kwenye mbao hizo. "Mwili mzima una joto," aliandika, "natoka jasho kama niko sokoni Nyarugenge. Ila miguu si yangu. Niambieni la kufanya."

"Ariko sha, lakini wewe," akasema Mama Kayitesi, "mutu anapanda juu ya ubao, anashuka mulima, na hakuna mutu anamukimbiza?"

"Ndiyo masomo, Mama Kayitesi."

"Masomo gani? Hapa mutoto akiteleza tunamupiga."

Kisha kila mtu akatoa dawa. Mama Kayitesi alisema apake siagi ya ng'ombe mpaka magotini. Shangazi alitaka atie pilipili manga ndani ya viatu, dawa aliyoisikia kwa mtu aliyewahi kuisikia. Maalimu Shabani alisema taratibu avae kofia nzuri na afunike kifua, kwani mwili ukipoa juu hauna cha kuteremsha chini. Hilo ndilo lilikuwa neno la maana siku hiyo, na kwa sababu lilikuwa dogo na halikuhitaji kununua kitu, hakuna aliyelisikiliza. Mimi nilishatazama mashine. Nilichukua sufu ya damu ya mzee iliyobaki kwenye oda ya shule, nikafuma usiku na mchana wa siku nne, nyuzi mbili kwa pamoja, soksi nene hata zilikuwa zinasimama zenyewe mezani. Jozi ya kwanza Shangazi alisifu. Ya pili aliipima uzito mkononi. Ya tatu aliuliza, "Kwani huyo mtoto ana miguu mingapi?"

Jibu lilifika mwisho wa mwezi wa pili, nami nikalisoma mbele ya baraza. Yasini alikuwa ametii. Alivaa zote tatu. Kiatu kilikataa kufungwa, akakilazimisha, akavuta kamba mpaka mkono ukauma. Wanaanza kazi kukipambazuka. Saa sita mchana wanapumzika kwenye kibanda cha mbao huko msituni, wenzake wanakula mkate na jibini, na yeye huvua viatu, huvua soksi zote tatu, hutawadha kwa maji ya theluji waliyoyeyusha, husali adhuhuri kwenye kona, kisha huvaa tena zote tatu na kurudi juu ya mbao. "Kufika alasiri," aliandika, "nakanyaga lakini sijui nakanyaga nini." Siku moja alirudi bwenini, akavua, akakuta vidole viwili vyeupe kama nta, na alipovigusa ilikuwa kama kugusa vidole vya mtu mwingine. Daktari alimtibu. Kucha zilitoka. Naye mwalimu wao akamwambia bila kumficha: yakitokea tena ataondolewa kwenye mazoezi ya majira ya baridi, na asiyemaliza mazoezi hayo hapandi darasa, anarudishwa kwao. Msimu ulikuwa umebaki wiki sita.

Shangazi aliweka mkono kwenye mdomo. Mama Kayitesi alisema, "Yesu wangu, vidole." Na mimi, nitaliandika kama lilivyokuwa: baada ya huzuni ya vidole, kitu cha pili kilichopita kifuani mwangu kilikuwa furaha. Anarudishwa kwao. Nililisoma lile neno mara mbili moyoni. Nilimwona mlangoni kabisa, ananiambia nitoke nje nione watu.

Maalimu Shabani alikuwa ameshika kikombe hakinywi. "Soma tena hapo penye kibanda," akaniambia. Nikasoma. "Anatia maji miguuni saa sita, halafu anaitia kwenye baridi hiyo?"

"Anatawadha, Maalimu."

"Najua anatawadha, mimi ndiye niliyemfundisha! Na khufu niliwafundisha wapi? Sura nzima. Mlikuwa wapi?"

Nilijua tulikuwa wapi. Tulikuwa mstari wa nyuma tunacheka. Khufu ni soksi za ngozi: unazivaa asubuhi ukiwa na udhu kamili na miguu mikavu, zinafunika vifundo, na ukitawadha tena huvui wala huoshi miguu, unapangusa tu juu ya ngozi kwa mkono uliolowa. Mkazi wa mji ana ruhusa ya siku moja na usiku wake, msafiri siku tatu. Sisi tuliisoma sura hiyo mjini Kigali, mahali ambapo watoto wanashindana nani ataenda peku mpaka Ramadhani. Biryogo nzima hakuna mtu aliyekuwa na khufu. Maalimu mwenyewe, siku ile Yasini alipomuuliza zinafananaje, alikohoa na kutuhamishia kwenye sura ya kutayamamu. Tulicheka wiki nzima. Tukaifuta kichwani kabisa, kama mambo ya watu wa nchi za mbali, na mmoja wetu akaenda kuishi huko mbali.

"Nitazishona," akasema Maalimu.

"Hujawahi kuziona," akasema Shangazi.

"Nimezisoma miaka arobaini."

Miguu ya Yasini ilikuwa Uswisi, lakini miguu yangu, kama nilivyosema, ni ileile. Basi kwa siku tano nilikaa kwenye kigoda nje ya kibanda cha Maalimu, hadharani, mbele ya mtaa mzima, mguu juu ya goti lake, na yeye akinipimia ngozi ya mbuzi aliyoichagua nyembamba mpaka ilipitisha mwanga. Watu walisimama kuuliza. "Bi Harusi anavishwa nini leo?" "Hina imekwisha, sasa ni ngozi?" Siku hizo tano nilikaa nje zaidi kuliko mwaka mzima uliotangulia. Maalimu alikuwa na sindano mbili mdomoni na alijibu kwa niaba yangu kwa kutumia nyusi. Alishona mshono ukiwa upande wa nje ili usimkwaruze Yasini, akausugua kwa nta, akaniamuru nisimame ndani ya beseni la maji hadi adhana. Ngozi haikupitisha tone. Nikafurahi nikadhani tumemaliza, lakini Maalimu alikuwa mtu wa kujaribu. "Maji tumeyaona," akasema. "Baridi je?"

Baridi ilikuwa moja tu kwenye uchochoro wetu, nayo ilikuwa mali ya Mama Kayitesi.

Ilimchukua Shangazi nusu saa kumbembeleza. "Miguu ndani ya friji yangu? Na maziwa nani atakunywa?" Mwishowe akatoa madumu yote, akatandika magunia, akasimama pembeni na kopo la dawa ya kufulia tayari mkononi. Nikakaa ukingoni mwa friji. Mguu wa kulia Maalimu aliuvisha soksi moja nyembamba ya sufu, juu yake khufu, kisha kiatu cha ngozi ambacho kamba zake alizifunga kwa upole, hata vidole vyangu vikaweza kupiga ngoma humo ndani. Mguu wa kushoto niliuvisha mwenyewe, kwa ubishi: soksi tatu nene kama zile, nilizokuwa nimezifuma kwa sufu iliyosalia, kiatu kikasukumwa kwa nguvu za watu wawili, kamba zikakazwa. Nilitaka kuonyesha kwamba kosa halikuwa la soksi, kosa lilikuwa la maji. Nikateremsha miguu yote miwili kwenye barafu. Mama Kayitesi akafunika kwa mfuniko mpaka pale mapaja yaliporuhusu, akasema, "Kama unakufa, utanunua ingine."

Robo saa ya kwanza nilipiga porojo. Kisha mguu wa kushoto ukaanza kuwasha, halafu ukauma, halafu ukaacha kuuma, na hapo ndipo nilipoogopa. Wa kulia ulikuwa unasikia baridi, ndiyo, lakini vidole vilikuwa vinacheza. Wa kushoto nilivitafuta vidole nikavikosa. "Maalimu," nikasema, "wa kushoto hauko." Wakanitoa kama gunia. Walipovua kiatu, soksi zilikuwa zimechora mistari kwenye nyama, na mguu ulikuwa mweupe pale zilipobana. Maalimu aliushika mkononi, akaushikilia hadi damu iliporudi, na iliporudi nililia machozi ya kweli mbele ya wateja wa maziwa. "Umeona?" akasema, na hakusema kwa ukali. "Damu ndiyo moto wenyewe. Wewe umeifungia mlango kwa soksi." Shangazi aliokota zile soksi tatu sakafuni, akazikunja vizuri, akazitia mfukoni mwa kanga yake, na sikuziona tena. Nadhani alizifumua. Mwaka ule kuna mtoto wa shule alivaa sweta yenye historia.

Kifurushi kilikuwa tayari kesho yake: khufu, jozi mbili za soksi nyembamba za kubadilisha kila asubuhi, ya jana ikiwa imelowa jasho, kofia niliyoifuma kwa amri ya Maalimu, na barua ya Maalimu yenye tarehe na maelekezo. Akaushe vizuri kila kidole kabla ya kuvaa. Asikaze kamba. Asiwaone haya wenzake kibandani, apanguse na asali. Ujumbe wangu mimi ulikuwa mfupi: "Zile tatu zitupe." Kazi yangu ilikuwa kukipeleka posta, mjini. Nikakiweka juu ya kabati, nyuma ya mabunda ya sufu. Siku ya kwanza nilisema mvua. Siku ya pili nilisema askari barabarani. Siku ya tatu Maalimu akaniuliza, "Umekipeleka?" nami nikamwambia nimekipeleka.

Kilikaa pale siku tisa. Nilifuma sweta nikiwa nimekipa mgongo. Kila asubuhi nilijiambia leo, na kila mchana nilihesabu wiki zilizobaki za msimu wake wa theluji, nikaona kwamba kikichelewa kidogo tu, hakuna atakayejua. Posta ni posta. Vidole vyake nilivipenda, nisieleweke vibaya. Nilimwomba Mungu avihifadhi, na amrudishe navyo nyumbani, mapema iwezekanavyo. Nilikuwa najadiliana na Mungu kana kwamba Yeye haoni juu ya kabati.

Siku ya tisa ilikuwa Ijumaa. Baada ya sala Maalimu Shabani alisimama, akiwa bado na nyuzi za kushonea kwenye kanzu, akawaomba watu wamwombee kijana wao Yasini, kwamba mtaa umemtumia kitu, Mungu akifikishe upesi. Msikiti mzima ukaitikia amina. Na mimi nikaitikia amina, kwa sauti, kwa sababu waliokaa kulia na kushoto kwangu wananijua. Nilitoka pale sikurudi hata kula pilau. Nilikwenda moja kwa moja kabatini, nikakichukua kifurushi, nikapanda mlima kwenda mjini kwa miguu, kwenye jua, nikaonyesha kitambulisho mara mbili, nikajibu maswali ya kifurushi kina nini. "Soksi za ngozi za kuvaa kwenye theluji," nikasema, na yule askari akanitazama kwa muda mrefu akaamua kwamba mtu anayetaka kudanganya angetafuta uongo bora. Nilifika posta dakika chache kabla hawajafunga dirisha. Tumbo liliniuma njia nzima ya kurudi.

Jambo hili nililifungia kifuani miaka yote hii. Mwezi uliopita, chai ilipokwisha na mazungumzo yakalegea, nikamwambia Yasini. Nilimwambia siku tisa. Nilitarajia anyamaze, au acheke. Alivua miwani akaifuta kwa shati. "Nilijua," akasema. "Barua ya Maalimu ilikuwa na tarehe yake, na muhuri wa posta ulikuwa na wake. Nilivitazama vyote viwili nikasema, Bi Harusi ameshindana na nafsi yake siku tisa, akatoka nje." Akavaa miwani. "Lakini kilifika, bwana. Kuna chai nyingine?" Nikaenda jikoni kumletea, na nilikaa huko zaidi ya muda ambao chai inahitaji.

Kilifika zikiwa zimebaki wiki mbili na siku kadhaa. Hayo tuliyajua mwezi wa nne, barua ilipokuja na picha ndani. Lilikuwa baraza kamili, na Shangazi alikuwa amepika isombe, yaani kisamvu, na wali kwa sababu bahasha ilikuwa nene na alihisi heri. Mimi nilikuwa na kifuniko changu cha sufuria magotini, kwa mazoea tu ingawa sahani sasa zilitosha, nikakiweka chini nikasoma. Alikuwa amemaliza mazoezi. Amepanda darasa. Wenzake kibandani walikuwa wamecheka siku ya kwanza, na siku ya tatu mmoja wao akamuuliza soksi hizo zinauzwa wapi. Mwalimu wao aliigeuzageuza ile khufu mikononi, akauliza nani ameshona, na Yasini akamwambia ni mtu ambaye hajawahi kuona barafu isipokuwa kwenye friji la maziwa. Tena, kwa kuwa amefaulu vizuri, wamemwongezea miaka mitatu, na baada yake ipo kazi. Shangazi akapiga kigelegele hadi majirani wakatoka. Maalimu Shabani aliomba picha, akaisogeza karibu na macho, na hakumtazama Yasini hata kidogo. Alitazama miguu. Pale juu ya kiatu kilichofungwa kwa kamba zilizolegezwa vizuri, ulionekana ukingo mwembamba wa ngozi ya mbuzi, na mshono wake. "Umeshika," akasema, akiusemesha mshono. Kisha akainuka kwenda kuchukua udhu, ambao nina hakika alikuwa nao.

Na mimi nilikuwa na furaha, safari hii ya kweli, ile isiyo na kitu nyuma yake juu ya kabati. Nilimwambia kila aliyepita mlangoni. Nilisimama nje, kwenye uchochoro, nikiwaonyesha watu picha: huyu hapa, hizi ndizo mbao, hii ndiyo ngozi, mguu huo mfano wake ni huu wangu. Mama Kayitesi alitoka kwake akicheka na kupangusa mikono, akaichukua picha, akaitazama mara moja tu, kisha akanitazama mimi. Kicheko chake kilikuwa kimeisha.

"Mumemupasha moto miguu, sasa harudi tena. Kama mungemuacha na baridi yake, leo angekuwa amekaa hapa anakula na sisi."